Waipa za Consul

Gari la mjomba lilikuwa Ford Consul ya zile za mwanzo, zilizotengenezwa Dagenham, Uingereza, kati ya 1951 na 1956. Injini ya silinda nne, sisi 1,508, gia tatu tu, na mkono wa gia upo kwenye usukani. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu: watu watatu walikaa bila ugomvi, wanne kwa ugomvi. Mjomba alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Kigoma, likiwa tayari limechoka, akalifanya teksi ya Ujiji na mjini. Siku za msiba au harusi, au akipata mzigo wa dagaa wa kupeleka juu, lilipita Mwandiga na kupanda hadi Kalinzi. Huko ndiko nilikojifunza habari za waipa.

Waipa za gari lile hazikutumia umeme. Nikiwaeleza vijana wa gereji za leo pale Gungu, hunisikiliza kwa heshima ambayo mtu humpa mzee anayesimulia majini. Lakini ndivyo ilivyokuwa: zilivutwa na pumzi ya injini. Pistoni ikishuka ndani ya silinda huvuta hewa kupitia kabureta, na kwenye kabureta mna kibati kinachofungua na kufunga njia kwa kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Usipokanyaga, kibati kinakaribia kuziba kabisa, pistoni zinavuta na hazipati cha kutosha, na ndani ya manifodi panakuwa na mvuto mkali. Vakyumu, walisema mafundi. Ford walitoboa tundu kwenye manifodi, wakaunga bomba jembamba, wakalipeleka nyuma ya dashibodi kwenye kidude cha bati kilichozungusha waipa. Hapakuwa na nyaya wala fyuzi. Betri ikifa, mkasukuma gari likawaka, waipa zinafanya kazi zake bila habari.

Ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Dereva akikanyaga mafuta, kibati kinafunguka, hewa inajaa kwenye manifodi, vakyumu inakwisha na waipa zinasimama. Na dereva anakanyaga sana lini? Akiwa mlimani.

Sasa tazama Kigoma ilivyokaa. Mji upo kando ya ziwa, mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na mgongoni mwake nchi inainuka. Ukiacha Mwandiga ukashika njia ya Manyovu unaanza kupanda, na kahawa ya Kalinzi inalimwa mita 1,500 na zaidi. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba, zinakaa mpaka Aprili, na mwaka mwingine zinaingia Mei. Miaka ninayoisema mimi, mwisho wa sabini na mwanzo wa themanini, barabara ile ilikuwa udongo mwekundu, ikilowa inateleza. Kwa hiyo pale ambapo dereva alihitaji kuona kuliko mahali popote, pale penye kona, mtaro na utelezi, ndipo waipa zilipogoma. Nadhani aliyeichora Consul hakuwahi kupelekwa mbali na mto Thames.

Kimo chenyewe kilizidisha tatizo. Injini nzima, ikinguruma bila kukanyagwa, kule pwani husoma inchi 17 mpaka 21 za zebaki kwenye geji ya vakyumu. Ukipanda futi elfu moja unapoteza kama inchi moja, kwa sababu hewa yenyewe ya kusukuma imepungua. Kigoma tayari umeshapoteza mbili na nusu. Ukifika Kalinzi ni kama tano. Na injini ya mjomba haikuwa nzima. Ringi zilikuwa zimelika na ilikula oili.

Mjomba alikuwa na namna yake ya kupanda. Mvua ikiwa imeshika, anakanyaga, gari linavuta, waipa zinapunguza mwendo, zinasita, kisha zinaganda katikati ya kioo. Anaendelea kwa kukumbuka: kona alishaiona, mtaro ulikuwa kushoto, ng'ombe hawakuwepo. Halafu anainua mguu. Waipa zinaruka, fyaa, fyaa, anapata kuona, anakanyaga tena kabla gari halijalegea. Abiria wageni walianza kusoma dua. Wenyeji walishazoea, na mama mmoja muuza migebuka, aliyekaa mbele kila safari kwa sababu ya uzito wa kapu lake, alikuwa akimwelekeza kabisa: "Inua, baba, inua kidogo tuone." Mjomba anainua.

Kurudi ilikuwa kinyume. Gari likishuka kwa gia ya pili, mguu haupo kwenye mafuta, injini inazuia gari na vakyumu inapanda kuliko hata mkiwa mmesimama. Waipa zilipiga kwa hasira, mikono yake ikigonga fremu ya kioo. Mvua ikikatika na mjomba akasahau kuzima, raba zilikwaruza kioo kikavu kwa kelele iliyowaamsha watoto kwenye nyumba za kando ya barabara.

Gereji yetu ilikuwa chini ya mwembe, Ujiji, si mbali na mahali watalii wanapopelekwa kuonyeshwa alipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Fundi alikuwa mzee wa Kimanyema, mfupi, mwenye kibandiko cha plasta kwenye miwani. Simtaji jina kwa kuwa wanawe wapo na hawajanipa ruhusa. Sisi tulimwita Fundi tu. Mimi nilikuwa wa kushika bisibisi na kuchota maji.

Kuchota maji kulikuwa sehemu ya kazi. Fundi hakukubali kujaribu waipa kwenye kioo kikavu. Alisema kioo kikavu kinashika raba, waipa inaonekana mgonjwa kumbe mzima, na wewe unafungua kitu ambacho hakina kosa. Kwa hiyo kabla ya yote nilitumwa na kopo, nikamwagia kioo. Halafu Fundi aliinua mikono ya waipa ikaacha kugusa kioo, akaizungusha taratibu kwa vidole. Ikizunguka laini, vyuma vya kuunganisha vina afya. Ikikwama, ni vumbi lililochanganyika na grisi ya zamani likawa lami, na kazi ya siku hiyo ni mafuta ya taa na brashi. Mara nyingi kosa liliishia hapo, na mjomba aliudhika kulipa kwa kosa dogo hivyo.

Likiwa halijaishia hapo, gari liliwashwa. Fundi alichomoa mpira upande wa waipa na kuuziba kwa dole gumba, akafumba macho. Baadaye alichomoa upande wa manifodi, akaziba pale pia. Sikuelewa anachosikiliza mpaka siku aliponishika mkono na kulibandika dole langu mwenyewe kwenye bomba la manifodi. Linavuta! Nyama ya kidole inaingia ndani ya tundu, na ukikitoa kinabaki na duara jekundu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Fundi."

"Haya, njoo huku mwisho wa mpira."

Kule mwisho mvuto ulikuwa dhaifu, kama mtoto aliyeshiba anavyonyonya.

"Basi vakyumu inapotelea njiani," akasema. "Injini ina nguvu, waipa haina kosa. Mpira huo."

Ndiyo ilikuwa hesabu yake yote. Pande zote mbili zikivuta sawa, kosa liko kwenye kidude cha waipa. Zote mbili zikiwa dhaifu, ni injini, na hapo aliinua macho kumtazama mjomba kwa huruma. Alikuwa na jambo jingine la kuongezea. Gari likitetemeka huku limesimama, madereva wengi walikimbilia kabureta na plagi, wakabadilisha, wakasafisha, wakalaani. Fundi alianza na mpira wa waipa. Ukipasuka, injini inavuta hewa ya wizi isiyopitia kabureta, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi, na silinda iliyo jirani na tundu inaanza kukosa moto. Aliziba tundu kwa dole, na mtetemo ukikoma palepale, kabureta ilisamehewa. Niliwahi kuona mtu aliyekuja na kabureta yake mkononi, imefunguliwa vipande kwenye kanga ya mkewe, akaondoka na mpira wenye urefu wa shibiri tatu.

Mpira huo kuupata ndiyo ilikuwa shughuli. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha 1979 na nchi imebaki mikono mitupu. Fedha za kigeni hazikuwepo, spea hazikuwepo, na petroli yenyewe ilisubiri mabehewa ya treni kutoka Dar es Salaam. Spea ya Ford ya miaka ya hamsini ungeiota tu. Kijana mmoja wa gereji akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akauunga, akafunga kwa waya pande zote mbili. Ulipendeza. Injini ilipowashwa waipa zilipiga nusu pigo zikanyamaza. Tulipofungua boneti tukaukuta mpira umelala bapa, kuta zake zimebandikana. Mpira wa baiskeli umetengenezwa kuzuia hewa isitoke; hapa ilitakiwa uzuie hewa isiubonyeze. Fundi hakumgombeza. Alichukua waya mwembamba, akauzungusha kwenye kijiti mpaka ukawa springi ndefu, akakichomoa kijiti, akaiingiza springi ndani ya mpira. Ulifanya kazi masika yote. Baadaye mabaharia wa mitumbwi ya Kibirizi walituletea mpira mnene kutoka Bujumbura, ambako siku zile vitu vilikuwepo, na kwa bei ambayo mjomba hakumwambia shangazi.

Kidude chenyewe cha waipa nilikiona ndani mara ya kwanza siku Fundi alipokitandaza juu ya gunia. Nilitegemea magurudumu na meno. Sikuona. Palikuwa na chumba cha bati chenye umbo la nusu duara, na ndani yake kibao kimoja kilichopigwa ngozi kwenye kingo. Fundi alikiita kasia. Vakyumu inavuta upande mmoja wa kasia, hewa ya kawaida inasukuma upande wa pili, kasia linakwenda. Likifika mwisho linagusa kijiwiko chenye springi, kijiwiko kinabadilisha matundu: upande uliokuwa unavutwa unapewa hewa, uliokuwa na hewa unavutwa. Kasia linarudi. Basi. Ngozi ikikauka, hewa inapita pembeni yake na kasia linakosa nguvu. Kijiwiko kikiota kutu, waipa inakwenda upande mmoja na kubaki huko.

Ngozi ya kasia letu ilikuwa imekakamaa kabisa. Mjomba akasema ipakwe mawese, kwani Kigoma nani ananunua mafuta mengine? Fundi alisita, akapaka. Pale Ujiji saa saba mchana waipa ziliruka vizuri hata watu wakapiga makofi. Kesho yake alfajiri, Kalinzi, kwenye baridi ile na ukungu, mawese yaliganda ndani ya chumba na kasia likasimama. Tulisubiri injini ichemke, na joto lipenye dashibodi, ndipo tukaondoka. Tuliporudi Fundi aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akaniagiza mafuta ya nyonyo kwa bibi mmoja aliyewakanda wajawazito. Nyonyo haligandi kwa baridi ya kwetu, linalainisha ngozi na halili mpira. Tangu siku hiyo kichupa cha nyonyo kilikaa kwenye kisanduku cha gari pamoja na leseni.

Nilipokuwa mkubwa nilipata kujua kwamba chapa niliyokuwa nikiisoma kwenye bati lile, Trico-Folberth, ilikuwa ndoa ya watu waliogombana. William Folberth na nduguye, wa Cleveland, Marekani, ndio waliotengeneza waipa ya kuvutwa na injini mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Trico ilikuwa kampuni ya John Oishei wa Buffalo, ambaye aliingia kwenye biashara ya waipa baada ya kumgonga mwendesha baiskeli usiku wa mvua. Waliburuzana mahakamani, mwisho Trico ikawanunua. Tawi lao la Uingereza lilikuwa Brentford, magharibi ya London, na huko ndiko magari mengi ya Ford ya Uingereza yalikopata waipa. Watengenezaji wengine wa magari walishahamia kwenye mota za umeme. Ford waliendelea na vakyumu kwa ajili ya urahisi wa bei. Kwenye Consul zilizofuata, za 1956 hadi 1962, walikubali yaishe nusu: waipa zilibaki za vakyumu ila waliongeza tangi la akiba ili zisisimame mlimani.

Habari ya tangi hilo ilimfikia mjomba kupitia dereva mmoja wa Tabora aliyekuwa na Consul ya aina hiyo, na hapakukalika. Alitaka tangi. Mantiki yake ni nyepesi: weka chombo kitupu kati ya manifodi na waipa, na mlango wa kuruhusu hewa itoke kwenda kwenye injini lakini isirudi. Ukishuka au ukisimama, injini inakitoa hewa chombo. Ukipanda, injini inakosa mvuto, mlango unajifunga, na waipa zinaishi kwa akiba. Mlango ulitengenezwa na fundi viatu, kipande cha ngozi kilichofungwa upande mmoja juu ya tundu. Chombo cha kwanza kilikuwa galoni la bati la mafuta ya kupikia. Injini ilipowaka tukasikia kishindo, paa!, na mama mmoja aliyekuwa akipita akaangusha mzigo wa kuni. Galoni lilikuwa limejikunja lenyewe, mbavu zimeingia ndani. Hewa ya nje ndiyo iliyolibonda. Cha pili kilikuwa tangi la shaba la jiko la pampu, ambalo limeumbwa kustahimili presha. Hilo halikutikisika. Lilitupa mipigo minne, mitano, baada ya vakyumu kukatika, na mipigo mitano ya waipa katikati ya mlima wa Kalinzi ni mali.

Hata hivyo kuna siku vyote vilikataa. Dawa ya kwanza ilikuwa tumbaku: unachana sigara, unalowesha, unasugua kioo chote kwa nje, na maji yanaacha kusimama matone, yanatambaa kama utando unaopitisha macho. Ya pili ilikuwa kamba. Kamba ya katani ilifungwa kwenye mkono wa kila waipa, ikapitishwa madirishani. Mjomba alivuta upande wake kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye usukani, nami nikavuta wa kwangu. "Vuta, mjomba!" anasema, kwa maana kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyo hivyo. Ninavuta. Anavuta. Madirisha yako wazi, mvua inaingia, abiria wa nyuma wanajifunika kwa magunia na kulalamika kwamba nauli yao ni ya gari lililofunikwa. Walikuwa na haki.

Mjomba alijitetea kwa Zephyr. Zephyr ni ndugu wa Consul, silinda sita, waipa zile zile za vakyumu, na ndiyo iliyoshinda mashindano ya magari ya Afrika Mashariki mwaka 1955, Vic Preston akiwa dereva. Mjomba aliitumia hoja hiyo kwa kila abiria aliyelalamika. Kama Zephyr imezunguka Kenya, Uganda na Tanganyika ikashinda, wewe unayekwenda Mwandiga unalia nini?

Injini ndiyo iliyomaliza ubishi. Ringi zilipozidi kulika, vakyumu ilishuka hata kwenye tambarare ya Ujiji, na waipa ndizo zilizotangulia kutuambia, kabla ya moshi na kabla ya gari kushindwa kupanda. Fundi alikuwa ameshaniambia kwamba dereva wa Consul hahitaji geji, ana waipa. Mjomba hakuwa na pesa ya kufungua injini, ila alikuwa na ya kununua mota ya waipa ya umeme kutoka kwenye Land Rover iliyokufa. Mota ile ilikuwa ya kufungwa kwenye fremu ya kioo, moja kwa waipa moja. Fundi akatoboa, akaifunga upande wa dereva, akavuta waya kutoka kwenye swichi. Ilipiga mwendo mmoja, mlimani na bondeni. Mjomba aliendelea kuinua mguu kwenye mvua kwa miaka, gari linalegea bila sababu, na hakuna aliyemshawishi aache.

Upande wa kushoto ulibaki na mkono wa waipa uliolala bila kazi. Mvua ya kwanza baada ya hapo, mama wa migebuka alipanda mbele na kapu lake, akatulia mpaka tulipoanza kupanda. Akatazama kioo cha mbele yake, maji tupu.

"Sasa baba, sisi wa huku tunaona nini?"

"Kwani wewe ndiye unaendesha?"

"Siendeshi. Lakini ndiye ninayekuambia pa kuinua mguu."